Firigisi na Mlango wa Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Firigisi, naye aliitika. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa baba yake tu, na baba yake hakuwa mtu wa kuita ita watu. Ukitaka firigisi, maini, shingo, vichwa au miguu ya kuku, unaliacha lile jengo la kuku wa jumla mbele, unazunguka kichochoro chenye mfereji, unagonga mlango wa bati. Anakufungulia mwanamke mfupi, mikono imeiva kwa maji ya moto, aproni ya plastiki inamgusa vidole vya miguu, na hakusalimu mpaka useme unachotaka. Ukimletea maneno ya mbona leo madogo hivi, anakwambia ukamuulize kuku.

Nisiwafiche, hakuwa mtu mwepesi. Wako waliosema alizaliwa na ndimu mdomoni. Mimi nasema kama ungeishi na ndugu zake wewe ungemeza mti mzima wa ndimu, mizizi na yote. Basi kaeni mnisikilize kabla hamjamhukumu.

Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Mzee hata alipokuwa bado kijana, alianza na baiskeli na tenga moja. Alinunua kuku kwa wafugaji huko mashambani akawapitisha mitaani wakiwa hai. Siku moja mpishi wa hoteli akamwambia: kuku wako wazuri, lakini mimi sina mtu wa kukaa ananyonyoa. Niletee waliosafishwa, nitawachukua wote, na kesho tena. Mzee akakanyaga baiskeli mbio hadi nyumbani, akamwambia mkewe achemshe maji. Uani kwao palikuwa na pipa, mafiga matatu na kisu cha jikoni, na kiwanda kikaanza hapo hapo. Mume anachinja, mke anatumbukiza kwenye maji ya moto, ananyonyoa, anapasua, anaosha. Mume anafunga mzigo kwenye baiskeli, huyo, kama vile kazi yote kaifanya yeye.

Jioni mke akauliza: na mimi je? Mzee, ambaye kumtoa kitu ni sawa na kumng'oa jino, akatazama huku na huku, macho yakaangukia beseni. Ndani yake zilikuwamo firigisi, maini na mioyo, na vichwa na miguu ambavyo hoteli haikuvitaka. "Cha nje changu," akasema, "cha ndani chako." Akajiona mwanamume mkarimu, akalala usingizi mzuri.

Neno hilo likawa sheria ya nyumba. Anayepasua kuku anachukua vya ndani, na vichwa na miguu vikaingizwa humo humo. Mshahara hakuna, asante hakuna. Yule mama aliwauzia wauza supu, akawauzia majirani, na pesa hiyo ndiyo iliyonunua sare za shule, dawa, mabati, hata magurudumu mapya ya baiskeli ya mumewe. Mzee yeye aliweka zake kwa ajili ya kukuza biashara. Biashara ikakua kweli. Uani ukawa banda, banda likawa jengo, baiskeli ikawa gari lenye ubaridi ndani. Ikaja mashine ya kunyonyoa, lile pipa linalozunguka lenye vidole vya mpira, kuku anaingia na manyoya yake anatoka uchi kama siku aliyoanguliwa. Chumba cha baridi nacho kikajengwa. Lakini mashine ya kupasua haikuja, kwa hiyo yule mama akabaki na kisu chake mezani mpaka siku alipojishika kifua akakaa chini kwenye maji ya kuoshea, asiinuke tena.

Firigisi wakati huo alikuwa ameshaachika. Mume wake alimwambia ananuka kuku, na alimwambia hivyo huku akila kuku aliyeletwa na mkewe kutoka kwa baba mkwe. Alirudi nyumbani na sanduku moja. Baada ya mazishi ya mama yake alisimama uani akingoja baba aseme chochote, amwambie karibu, amwambie pole, hata amgombeze. Mzee alimwonyesha aproni iliyotundikwa msumarini. Akaivaa. Tangu siku hiyo vya ndani vikawa vyake, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa meza ilikuwa na mtu na kuku walikuwa wanapasuliwa.

Sasa njooni kwa mdogo wake. Huyo ndiye ambaye Firigisi alimbeba mgongoni akinyonyoa kuku, manyoya yanamwingia mtoto puani. Akamsomesha. Ada za chuo cha biashara zilitoka kwenye firigisi na miguu, na yule kijana alijua, maana ndiye aliyekuwa anatumwa kwa wauza supu kuchukua pesa. Alirudi amevaa tai. Ndani ya muda mfupi akawa na kadi zenye jina lake, akataka wafanyakazi wamwite Bosi, wakamwita Bosi, na nyuma ya mgongo wakamwita mengine. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita fundi rangi aandike ukutani, kwa herufi zinazoonekana kutoka barabara kuu: KUKU WA JUMLA, MZEE NA MWANAWE.

Firigisi alitoka na aproni yake akasimama barabarani kusoma.

"Mwanawe yupi?" akauliza.

"Dada, haya ni maandishi tu," Bosi akamwambia.

"Nimeuliza yupi."

"Wateja wanapenda kusoma hivyo. Usianze."

Hakuanza. Alirudi mezani akapasua kuku hadi adhuhuri bila kumjibu mtu, na siku hiyo wauza supu walipewa vyao bila hata tusi, wakajua kuna msiba.

Bosi akaoa. Mkewe alikalishwa kwenye kaunta ya mbele, mezani mizani, kando yake feni. Kila akipita kwenda nyuma alijiziba pua kwa leso. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alifika kamba yake amemfunga mwenyeji. Siku moja alimkuta Firigisi mlangoni pa chumba cha baridi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wifi, mbona unanuka hivyo?"

"Nanuka ada ya mumeo," Firigisi akamjibu, akapita na ndoo yake.

Toka hapo wakawa paka na panya, ila sikuwahi kujua nani paka. Wifi alimtumia maji ya kunywa kwenye kikombe cha vibarua. Firigisi akimpelekea Mzee maini ya mchana, alipita katikati ya kaunta makusudi, aproni inadondosha maji kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Bosi alijifanya haoni. Alikuwa hodari sana wa kutoona.

Kilichowasha moto ni jamaa mmoja wa supamaketi. Alikuja kununua kuku, akazungushwa, akafika nyuma, akaona foleni ya watu wenye mabeseni kwenye mlango wa bati. Akauliza vinauzwa vipi. Akasema firigisi na maini vikipangwa kwenye trei nyeupe na kufunikwa plastiki, yeye anachukua kila wanachotoa. Wifi alisikia. Nakwambieni, macho yake yalifunguka kama ya mtu aliyeonyeshwa mlango wa hazina nyumbani kwake mwenyewe, na kumbe siku zote alikuwa anaupita akiwa ameziba pua.

Bosi alikuja mezani akiwa na tabasamu. Firigisi alipoliona tabasamu aliweka kisu chini.

"Dada, tumekaa, tumeona unateseka bure," Bosi akaanza. "Umri nao unakwenda. Tumeamua tukuweke kwenye mshahara, kila mwisho wa mwezi, kama wenzako."

"Wenzangu nani?"

"Wafanyakazi."

"Na vya ndani?"

"Vya ndani vitakuwa vya kampuni."

"Kampuni ndiyo nani? Ana mikono? Aje apasue nimwone."

"Dada, dunia imebadilika."

"Dunia haijanijia hapa. Umekuja wewe, na aliyekutuma nasikia feni yake."

Watu waliosikia walidhani anagombea pesa, na wifi alieneza hivyo mtaa mzima: mchoyo, kang'ang'ania matumbo ya kuku kama urithi wa dhahabu. Hawakumwelewa. Mshahara wenyewe haukuwa mbaya. Lakini mwenye mshahara huajiriwa, na aliyeajiriwa hufukuzwa, na Firigisi alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kuonyesha kwamba yeye ni mtoto wa nyumba ile, kwamba alikaa pale alipokaa mama yake. Kitu hicho ni firigisi. Wakikichukua, anabaki mwanamke mwenye kisu anayelala chumba cha uani kwa watu. Hilo lilimuuma, tena lilimuuma kuliko talaka.

Akasema: twende kwa Mzee. Wakaenda.

Mzee alikuwa ameshazeeka, anaishi vyumba vya juu ya jengo, miguu imemvimba, lakini akili ilikuwa nzima na uchoyo ulikuwa mzima zaidi. Walimkuta kwenye kiti chake cha mkono dirishani. Bosi alieleza kwa lugha ya chuo, soko, mtaji, mnyororo wa sijui nini. Wifi aliitikia kwa kichwa kila baada ya neno. Firigisi yeye alisema maneno machache: "Baba, ulisema cha nje chako, cha ndani cha anayepasua. Mimi ndiye ninayepasua. Nataka useme mbele yao kwamba neno lako lipo."

Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akapima kama anavyopima kuku mkononi. Halafu akasema, bila hasira hata kidogo:

"Nilimpa mama yako. Sikukupa wewe."

Hapana, hebu subirini, msiharakishe. Sikieni neno hilo lilivyo. Mtu amesimama mezani tangu nywele nyeusi hadi mvi, amemlea mtoto wako, amekulisha maini laini kila mchana kwa kuwa meno huna, halafu unamwambia sikukupa wewe. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hakumzaa anayempiga.

Firigisi alifungua aproni yake, imelowa damu na maji, akaikunja mara mbili vizuri, akaiweka mapajani mwa wifi yake juu ya gauni la kitenge. Akashuka ngazi. Kabla ya jioni alikuwa ameshatoa sanduku lake uani na kupanga chumba cha pili kutoka kona, kichochoro hicho hicho, akiwa na meza ya kuazima na kisu cha mama yake. Wifi, kwa kuogopa asije akarudi kuiba, alinunua kufuli kubwa akaufunga mlango wa bati. Ufunguo akautia kwenye mkoba wake.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wangeweza kulifanya wao tu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Vijana wawili waliwekwa mezani kupasua, wakajifunza haraka, kazi ikaenda. Trei zikajaa, nyeupe, zimefunikwa plastiki, zina nembo. Bosi alizipiga picha. Lakini supamaketi ilitaka firigisi na maini. Vichwa haikutaka. Miguu haikutaka. Utumbo, nyongo, kokoto za firigisi, damu iliyoganda, manyoya yaliyolowa magunia na magunia, nani atake? Watu wa mbele walikuwa wamefanya biashara ya kuku umri wao wote na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza kile kingine kinakwenda wapi. Kilikuwa kinakwenda, basi. Kilitoka kwa mlango wa bati. Alfajiri alikuja mfuga samaki kuchukua utumbo, akaja mwenye mbwa wa ulinzi kuchukua mapafu na takataka nyingine, akaja mwenye bustani za mboga kuchukua manyoya ya kuozesha, na wauza supu walichukua vichwa na miguu mpaka beseni linabaki limekauka. Firigisi aliwagawia na kuwatukana, wakaenda na kurudi. Sasa walikuja wakakuta kufuli. Wakagonga kidogo, wakaondoka, na kwa kuwa walimkuta Firigisi hatua chache mbele ananunua mabaki ya wachinjaji wadogo wa sokoni, wakatulia kwake.

Mapipa yakajaa. Yakaongezwa mengine, nayo yakajaa. Jua nalo halikuwa na simile. Jengo lile lilichemka, na kile kilichokuwa ndani ya mapipa kikaanza kupumua. Nzi walikuja, wakawaita shangazi zao. Mfereji ukaziba, maji mekundu yakarudi ndani yakapita chini ya kaunta, na wifi akapandisha miguu juu ya kiti na feni yake ikawa inamrudishia harufu usoni. Leso haikutosha. Mpishi wa hoteli alikuja mwenyewe kuchagua kuku, akafika mlangoni, akasimama, akakumbuka shughuli nyingine. Bwana afya alikuja kwa malalamiko ya majirani, akatoa onyo kwamba akirudi akakuta hali ile, analifunga jengo. Bosi akatafuta gari la kubeba uchafu, gari likaja, likaona, likadai bei mara tatu, na hata hivyo dereva hakurudi safari ya pili.

Basi Bosi akazunguka kichochoro, viatu vya kung'aa anaviinua kama jogoo kwenye tope. Alimkuta dada yake amekaa kwenye kigoda anaparua ngozi ya miguu ya kuku.

"Dada, tuyaache yaliyopita," akasema. "Njoo uchukue vichwa na miguu. Na ule uchafu mwingine. Sisi hatutaki kitu, chukua bure."

"Bure," Firigisi akasema.

"Bure kabisa. Vyote vyako."

"Ukipenda boga, penda na ua lake. Mmependa firigisi, pendeni na utumbo. Pangeni kwenye trei, mfunike plastiki."

"Tutafungiwa, dada. Jengo la baba litafungwa."

"La Mzee na mwanawe," akamjibu, na hakuinua tena uso.

Bosi alirudi, wakagombana yeye na mkewe mpaka wateja wachache waliobaki wakasikia nani ana akili na nani hana. Kesho yake asubuhi Mzee aliomba fimbo yake.

Alimtaka mkwewe ufunguo, akafungua kufuli kwa mkono wake, akatoka kwa mlango wa bati. Alilijenga jengo lile yeye, lakini mlango huo hakuwahi kuupita, maana ulikuwa wa vya ndani. Alitembea akishika ukuta, anapumzika, anatembea. Watu wa kichochoroni waliacha kazi zao wakamtazama. Firigisi alimwona tangu alipotokeza. Hasira yote aliyokuwa amejilundikia ililegea. Alimwona baba yake mzee, miguu imevimba, anamfuata yeye, kwa mara ya kwanza maishani anamfuata yeye.

Mzee akafika. Akaegemea fimbo mpaka pumzi ikatulia.

"Rudi," akasema.

Firigisi aliweka kisu chini akafuta mikono.

"Nirudi kama nani, baba?"

Neno alilolingoja lilikuwa moja tu, na fupi. Angesema mwanangu, yule mwanamke angeinuka pale pale, angemshika mkono baba yake, angeingia na ndoo kwenye ule uozo na kuusafisha kwa kucha zake, bila mshahara, bila firigisi, bila kuomba chochote tena hadi kufa. Alikuwa ameshakunja magoti kujiandaa kuinuka.

Mzee alifikiri. Alitazama meza, akatazama miguu ya kuku iliyoparuliwa ikang'aa, akaipima kwa macho.

"Harufu imenishinda," akasema. "Nzi wanaingia mpaka kwenye chai."

Firigisi alikaa tena kwenye kigoda, taratibu, akachukua kisu.

"Pole kwa nzi, Mzee," akasema. Alimwita Mzee, kama wateja wote wanavyomwita. "Waambie vijana walete mapipa hapa kabla jua halijawa kali. Mimi nanunua mabaki ya wachinjaji wote, bei ni moja."

Mzee aliendelea kusimama, kana kwamba amesahau kitu akawa anakitafuta. Nyuma yake alikuwa amekuja muuza supu na beseni, hathubutu kumpita mtu mzima.

"Mzee," Firigisi akamwambia, "naomba umpishe mteja."

Mzee akasogea ukutani, akampisha.